Gari Jekundu Litalala Wapi

Nyuma ya ukuta wa Mama Jeanne, mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, pana ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na ubao huo ndio bunge, mahakama na chuo kikuu chetu. Mama Mushiya huleta kahawa ya tangawizi katika thermosi, wateja huleta midomo. Wasiokosa ni watatu. Maître, ambaye kwa ubatizo ni Godefroid, hajasoma sheria hata ukurasa. Aliwahi kuitwa shahidi mahakamani, akarudi na jina. Yeye na Mama Jeanne wanagawana ukuta. Kaskete ni Sadrack: kofia ngumu ya mgodini haimtoki kichwani, hata kanisani. Visa ni René, anayeondoka kwenda Afrika Kusini tangu mimi niko shule ya msingi. Jumamosi ile nilifika na rafiki yangu Chancelle, binti wa huyo Mama Jeanne. Ofisi ya bima ilikuwa imemwahidi kumtumia mkaguzi, nasi tukaona tumngoje mahali anapoweza kutuona upesi. Hilo ndilo kosa letu. Tulimngojea ubaoni.

— Chancelle, mutoto yangu, alianza Maître, banasema unanunua gari.

— Nilishanunua, tata. Alfa Romeo ya Muzee Mukalay.

— Ile nyekundu? Ya kiti mbili?

— Ndiyo, njo ile.

Kaskete akapiga mluzi. Gari hilo tunalijua sote. Bosi mmoja Mwitaliano alipofunga mizigo yake kurudi kwao, alimwachia fundi wake Mukalay, na Mukalay amelifunika turubai tangu zamani hizo, akilifunua tu kulisugua na kuliwasha injini, lisisahau.

— Sasa juu ya nini umekaa hapa bure? Visa akauliza. Na gari ungeshafika Likasi.

— Muzee anasema ufunguo hautoke mupaka aone karatasi ya assurance ku kioo. Kama leo jioni karatasi haiko, kesho anapatia mutu ya Lubumbashi.

— Ule mutu atafanya nayo nini?

— Ataipandisha juu ya bati ya bar yake. Ataweka mataa ndani, inawaka inazimika.

Mama Mushiya aliacha kumimina.

— Gari juu ya bati? Sawa vile jogoo?

— Sawa vile jogoo, mama.

— Eh! Basi kimbia kwa assurance, lipa, kwisha.

— Nimetoka kule. Banasema mi niko mutoto sana ya kuendesha.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu damu yangu bado inachemka. Chancelle ana miaka ishirini na mitatu. Mgodini anaendesha benne, yaani lori la kumwaga mawe, ambayo gurudumu lake moja linampita kimo. Anaiendesha kwenye mvua, ukingoni mwa shimo ambalo ukitupa jiwe unasubiri ndipo ulisikie. Hiyo ameruhusiwa. Kigari cha viti viwili kinachomfika kiunoni, hapana: ni kijana, ni hatari, na kwa bei ya vijana angeuza na mama yake. Karani alipokuwa anatamka neno hilo, «kijana», alikuwa anatazama hereni zake.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza: likilala gari kwenye kiwanja kilichofungwa, chenye ardhi imara, mkaguzi akaridhika, bei inashuka hadi ya binadamu. Ya pili karani aliinong'ona, kama anayekuonyesha uchochoro wa kukwepa askari: tafuteni mwanaume aliyevuka thelathini, mwandike kwamba dereva ni yeye.

Chancelle aliwasimulia zote mbili. Ubao mzima ulisikia ya pili tu.

— Basi kazi imeisha! Maître akajipiga kifua. Andika jina yangu. Assurance inapendaka mvi. Bazee balisema: kuku mugeni hakosake kamba ku muguu.

— Hapo kuku ni nani, tata? nikauliza.

— Gari.

— Na kamba?

— Mi.

— Tata, na Chancelle akigonga mutu? Kampuni itauliza nani alikuwa ku usukani. Ikijua ni yeye, haitalipa. Ule uongo utalipishwa ule mwenye kugongwa, iko pale chini na muguu yake imevunjika.

— We mutoto ya université, kunywa kahawa.

— Ninakunywa. Lakini jibu.

— Mi nitakuwa nakaa pembeni yake kila siku. Njo jibu.

— Kila siku?

— Hata siku ya mariage. Zaidi siku ya mariage.

Visa akasafisha koo. Huwa anasafisha koo namna hiyo kabla ya kututoa nje ya nchi.

— Maître, we ni mutu ya hapa hapa. Gari inakaa Kolwezi, lakini tunaiandikisha ku Afrika ya Kusini. Kule barabara iko laini, hakuna benne, hakuna mashimo, assurance yake ni sawa na bure. Ku karatasi gari iko Johannesburg. Macho ya batu inaiona hapa, lakini macho haina cachet, haigonge muhuri.

— Sawa na we, akasema Kaskete. Roho iko Johannesburg, matako iko ku ubao.

— Cheka. Siku moja utaniona ku kioo ya ndege.

— Kutoka chini?

— Kutoka chini, njo fasi yako.

Kaskete hakujali. Alishusha kikombe, akapandisha kofia, akaingia kazini.

— Ninyi hamuko batu ba technique. Gari tunaipaka rangi ya manjano. Tunafunga bendera ku fimbo murefu na taa ya kuzunguka juu, sawa magari ya mine kule mgodini. Kitu chenye iko na bendera na taa inaitwa engin. Engin iko ndani ya assurance ya mine, haina kuuliza dereva ni nani na alizaliwa lini.

— Na nikienda na gari ku kanisa? Chancelle akauliza.

— Unawasha taa. Batu banapisha.

— Kaskete. Ile ni Alfa Romeo. Utaipaka manjano?

— Maji ikimwangika haizoleke.

— Haijamwangika kitu!

— Itamwangika. Rangi nilishakuwa nayo ku nyumba.

— Engin inagongwaka, Maître akakata. Mi niliona na macho yangu. Kitu chenye hakigongwake, ni corbillard. Gari ya maiti! Hata polisi ya rond-point anavua kofia. Hakuna mutu atauliza maiti: dereva wako iko na miaka ngapi? Tuandike corbillard.

Mama Mushiya, ambaye alishazika wengi na anajua mambo, hakuelewa.

— Tata Maître, gari ya kiti mbili?

— Maiti anakaa mbele. Anafunga mukanda.

— Na sanduku?

— Sanduku inafuata na taxi.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipanda puani, na hilo linaniudhi mpaka leo, maana mtu ukimchekea unampa nguvu. Visa alipata nguvu.

— Mi naona sisi bote tunazunguka tu. Dawa iko moja. Aolewe.

— Na nani? Chancelle akamgeukia.

— Na mutu yeyote mwenye kupita makumi tatu. Mwenye heshima. Mwenye mipango ya safari.

Chancelle alimtazama kama anavyotazama tairi lililokwisha: bila chuki, anakadiria tu kama litafika. Visa akarudi kwenye kikombe chake.

— Hapana ndoa, akasema Maître, ndoa inachelewa na gari inaenda kesho. Sikieni sheria. Ku tribunal kuko karatasi ya batu benye kukosa cheti ya kuzaliwa. Unaenda na shahidi, shahidi anaapa, juge anaandika. Mi nitaapa kama nilikuona unazaliwa, iko miaka makumi tatu na moja leo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nitaweka mvua, juge banapenda mvua.

— Tata, kaka yangu Dodo iko na makumi mbili na saba.

— Atakuwa mudogo yako. Muzuri, atakuheshimu.

— Na mama yangu, ule mwaka, alikuwa ku masomo ya primaire.

— Mama yako alikuwaka na akili mapema.

Hapo nilisimama. Kwenye midahalo ya chuo tunafundishwa kutosimama kabla ya zamu yako, lakini ubaoni zamu haiji, unaichukua.

— Ba tata, heshima yenu naiacha fasi yake. Lakini tangu asubuhi huyu mutu mumemufanya mutu ya Johannesburg, mumemufanya engin, mumemufanya dereva ya maiti, bibi-arusi, na dada mukubwa ya kaka yake. Kitu moja tu hamujamufanya: Chancelle, mwenye permis ya kuendesha, mwenye kazi, mwenye gari. Na njo kitu moja tu ile iko! Juu ya nini mwanamuke akinunua kitu na jasho yake, hamuone gari, munaona kiti yenye iko wazi pembeni yake?

Walifanya kile wanachofanya wanaume wakishindwa hoja: walipiga makofi, wakasema nitafika mbali, wakaendelea.

— Ataolewa na minister, huyu, akasema Visa.

— Minister atajuta, akasema Kaskete.

Katika kelele hizo mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye ncha ya ubao, mkoba mapajani, buti za mpira miguuni ingawa hakukuwa na tope. Alikuwa ameomba kahawa kwa kidole tu. Alipomaliza alirudisha kikombe, akamshukuru Mama Mushiya, akasema:

— Mi ni Mianda, wa ile assurance. Musisimame. Ile ya maiti na mukanda imenipendeza, nitaipeleka ku bureau.

Ubao ukanyooka kama darasa. Maître akafunga kifungo cha shati.

— Madame l'inspectrice! Tulikuwa tunachekesha batoto.

— Niliona. Mi niko na kiulizo moja tu. Tulishalipa gari yenye kulala muzima, asubuhi bwana yake anaikuta ndani ya udongo, inaonekana antena tu. Sasa, ninyi benye kutoa majina, mutoe na parcelle. Hapa, ni nani kiwanja yake haijachimbwa?

Msomaji asiyeifahamu Kasulo anipe sikio. Hapa kobalti ilionekana chini ya vitanda. Watu walivunja sakafu ya chumba cha kulala, wakashuka kwa kamba, wakapandisha magunia, na sebuleni watoto wakaendelea kutazama televisheni kwa sauti kubwa ili jirani asisikie sururu. Jirani hakusikia kwa sababu naye televisheni yake ilikuwa juu. Nyumba nyingi zimesimama juu ya hewa. Kila mtu anajua, kila mtu anakana.

— Kwangu ni citerne, akasema Kaskete. Ya maji.

— Lakini kwenu maji haijafika, akasema Mama Mushiya.

— Ninaingojea.

— Na we? Mianda akamuuliza Visa.

— Choo, madame. Ni choo tu.

— Murefu namna gani?

— Familia iko kubwa.

— Na we, tata?

— Mi? Maître akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kidogo. Cave, stoo ya chini. Ya viazi.

Mianda alingoja.

— Kwetu, akasema Chancelle.

Sote tukamgeukia.

— Kwetu haikuchimbwa. Mama alikataa.

Ni kweli, na mtaa mzima ulimcheka kwa hilo. Walipokuwa wanashuka wote, wanunuzi walimfuata Mama Jeanne hadi jikoni, wakamwahidi bati jipya na karo za watoto. Akawajibu kwamba hawezi kupiga magoti kuomba Mungu juu ya shimo. Hajui sala ingeelekea wapi. Bati lake ni lile lile lenye kutu. Majirani walipandisha kuta na kuweka madirisha ya vioo vya rangi. Yeye alifagia uwanja wake. Chancelle alikwenda kujifunza kuendesha benne kwa sababu chini ya nyumba yao hakukuwa na shimo la kuwalisha.

— Muzuri, akasema Mianda, akanyanyuka. Twende tuone.

— Madame, hapana!

Alikuwa Maître. Hata yeye alishtuka kujisikia.

— Nasema... pale kuko kuku. Kuku inaharibu rangi ya gari.

— Hatuna kuku, tata, Chancelle akasema.

— Basi unyevu. Pale kuko unyevu. Na jua.

— Unyevu na jua?

— Byote mbili! Gari ya zamani haipende. Ilale kwangu, mi nitaifunika na blanketi yangu mwenyewe.

— Kwako kuko cave, akasema Mianda.

— Ya viazi, madame!

Chancelle alikuwa anamtazama, na niliona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayesikia injini yake inagonga na anatafuta mlio unatoka wapi. Hakuinua sauti.

— Tata Maître, ulisema utakuwa pembeni ya ile gari kila siku.

— Nilisema, mutoto yangu.

— Basi njoo unionyeshe fasi ya kuiweka. Ku mine, gari ikiingia fasi mupya, mutu anatangulia na miguu, dereva anafuata. Ye njo anajua udongo. Tangulia.

Angekataa vipi? Mbele ya ubao wake, mbele ya mkaguzi wa bima, mbele ya Mama Mushiya? Tuliingia kwa mlango mdogo wa uani, yeye mbele. Uwanja wa Mama Jeanne ni mdogo, umefagiwa mpaka unaona michirizi ya ufagio: jiko la matofali upande mmoja, ukuta wa Maître upande wa pili, kamba ya nguo katikati, na mwisho kabisa dirisha la chumba anacholala.

— Moja kwa moja, tata, akasema Chancelle. Toka hapa mupaka ku dirisha.

Maître aliondoka vizuri, kifua mbele, mkono ukipunga kama polisi wa njia panda. Alipokaribia kamba ya nguo akakata kushoto ghafla, akapita akiusugua ukuta wa jiko.

— Juu ya nini unapita kule?

— Kivuli.

— Kivuli iko huku.

— Njo maana. Inanipatia mafua.

— Rudi, tata. Pita katikati.

Alirudi. Alikaribia tena, akasimama, akapima, kisha mzee huyu mwenye mvi akakusanya suruali yake kwa mikono miwili na kuruka, palepale pakavu, pasipo mfereji wala kijiti, akatua kwa ncha za vidole. Kaskete akasema «eh». Visa, ambaye hakuwa anaona sababu ya sarakasi, akakata katikati kumfuata.

— René! Maître akapiga ukelele. Usikanyage pale!

Visa alibaki na mguu mmoja hewani.

Mianda hakuwa anatazama ardhi. Tangu tuingie alikuwa anatazama miguu ya Maître tu. Sasa alisogea, na kwa kisigino cha buti akachora mstari mavumbini, akifuata kila mahali ambapo Maître alipazunguka. Mstari ulitoka ukutani kwake, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukajipinda kidogo, kisha ukafuata macho ya Maître, yaliyokuwa yanautangulia. Ulisimama chini ya dirisha.

— Uliingia mupaka chini ya kitanda ya mama, akasema Chancelle.

— Mutoto yangu, mi sikutoka kwangu na roho ya kuingia kwenu. Nilifuata jiwe. Jiwe njo ilikuwa inaenda kule. Jiwe haijuake ukuta.

Hiyo ndiyo methali pekee aliyoiweka mahali pake siku ile.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na hotuba nzima kooni, yenye vichwa na matawi. Chancelle akanigusa mkono, nikaimeza.

Mianda alikwenda upande wa jiko, akapiga kisigino mara kadhaa, akasikiliza.

— Hapa udongo iko na nguvu. Tata mwenyewe amekanyaga na muguu yote. Gari itaenea, inabana ukuta. Italala hapa. Kule kwa mustari, mwenye kuchimba atarudisha udongo mbele ya mvua kuanza. Kama haitakuwa, mi nitarudi, na sitakuja peke yangu.

Akatoa karatasi ya bima mkobani, akatafuta kitu kigumu cha kuandikia. Kaskete, pasipo kuombwa, akavua kofia yake, akaiinua kwa mikono miwili kama meza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona nywele zake, hazikuwa nyingi.

— Jina ya dereva?

— Chancelle.

— Ya mwenye gari?

— Chancelle.

— Miaka?

— Makumi mbili na tatu.

— Makumi mbili na tatu, Mianda akarudia, akaandika, bila kumuongeza hata siku moja.

Karatasi ilikuwa inapita kutoka kofiani kwenda mkononi mwa Chancelle wakati mlango wa uani ulipolia. Mama Jeanne alikuwa ametoka sokoni, beseni la unga kichwani. Hakujua habari ya mkaguzi, wala ya ubaoni. Aliona mwanamke mgeni mwenye buti, Kaskete kichwa wazi, Visa mguu mmoja juu kama korongo, uwanja wake alioufagia alfajiri umechorwa mstari, na jirani yake wa siku zote amesimama chini ya nguo zake kwa ncha za vidole.

— Jambo yenu bote.

— Jambo, mama.

Aliutazama mstari toka ukutani mpaka dirishani. Kisha akamtazama Maître.

— Tata Godefroid, juu ya nini unaogopa kukanyaga kwangu?

Maître alimtazama Kaskete. Kaskete aliitazama kofia. Visa alishusha mguu wake polepole, nyuma ya mstari. Chancelle alikuwa na karatasi mkononi, na jua lilikuwa bado juu. Angeweza kukimbia kwa Mzee Mukalay. Hakuondoka. Yeye naye alitaka kusikia.